Stetasi ya saa 24, barua ya siku 7

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa ugani wa kata huku Mufindi, mwaka wa 6 kazini. Kipindi cha kampeni niliweka stetasi mbili WhatsApp. Ya kwanza ni picha ya foleni ya mbolea ya ruzuku kwa wakala, nikaandika: "Mbolea wameificha mpaka tupige kura. Mwaka huu tunawatoa." Ya pili ni klipu ya mgombea wa upinzani ninayemkubali, na hiyo nikaitupia pia kwenye kundi la wakulima wa kata yangu. Zile stetasi zilishafutika zenyewe kabla hata sijapigiwa simu. Jumanne nimekabidhiwa barua: nijieleze ndani ya siku 7 kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Mwenzangu wa ofisi hiyohiyo anashinda anaposti sare za kijani na hakuna anayemgusa. Je, stetasi si mambo yangu binafsi? Katiba si inaniruhusu? Nitafukuzwa? Ningetumia jina bandia ningekuwa salama? Wenzangu wananishauri niandike kwamba simu ilidukuliwa. Nimeambatanisha picha yenyewe na barua.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kamwene.

Naanza na la mwisho, maana ndilo litakalokuumiza mapema kuliko mengine yote. Usiandike kwamba simu ilidukuliwa. Nimekaa kwenye ofisi za utumishi miaka mingi na barua za namna hiyo nimezisoma mpaka nikazizoea: simu ilikuwa kwa fundi, simu ilikuwa kwa mtoto, shemeji aliichezea. Afisa utumishi huzisoma akitabasamu, halafu anachukua kalamu na kuandika maswali pembeni. Iliripotiwa polisi lini? RB namba ngapi? Mbona dakika 10 kabla ya klipu hiyo kuna sauti yako mwenyewe kundini ukiwafundisha watu kupogoa parachichi? Stetasi yako ina mambo ya kubishania, tena mengi. Uongo uliouandika, ukausaini na kuupeleka kwa mwajiri hauna cha kubishania. Ulikuwa na tuhuma moja, unajitengenezea ya pili kwa mkono wako.

Sasa tuiangalie picha. Nimeikuza kwenye simu yangu na ninataka nawe uiangalie hivyo, kama atakavyoiangalia mtu ambaye hakupendi. Foleni ipo, akina mama wamejitanda khanga kwa baridi, mifuko imepangwa nyuma ya wakala. Hapo ndipo ulipotaka tuangalie. Lakini kona ya kushoto kuna pikipiki imeegeshwa, na kibao chake kinaanza na SM. Ni pikipiki ya halmashauri, uliyokabidhiwa wewe kwa kazi za ugani. Kwenye mpini limening'inia koti la mvua lenye nembo ya halmashauri. Na saa iliyoandikwa juu ya skrinshoti waliyokuambatanishia ni saa 4:17 asubuhi, siku ya kazi.

Kwa picha hiyo moja umeshajibu swali lako kuhusu mambo binafsi. Ungekuwa umekaa kwako Jumapili, umevaa kaptula, ukaandika kwamba sera ya mgombea fulani inakuvutia, tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa. Hapa ulikuwa kazini, umekwenda kwa chombo cha kazi, kwenye shughuli ambayo wewe ndiye mtu wa Serikali aliyepo, na ukaigeuza kuwa bango. Mkulima aliyeiona stetasi ile hakumwona kijana wa Mufindi mwenye maoni yake. Alimwona bwana shamba wake, yule aliyemwandikisha kwenye ruzuku, akimwambia kwamba mbolea imefichwa.

Katiba inakuruhusu, ndiyo. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa maoni, ya 20 uhuru wa kujiunga na wenzako, ya 21 haki ya kushiriki shughuli za umma. Usisahau tu kwamba Ibara ya 30 inasema haki hizo zina mipaka, na sheria zinaweza kuichora. Kwa watu wengine Katiba yenyewe imeshachora: askari wa majeshi ya ulinzi na usalama hawaruhusiwi kujiunga na chama chochote, majaji na mahakimu vilevile, wana kura yao tu, basi. Wewe huna kamba fupi kiasi hicho. Afisa ugani, muuguzi, mhasibu wa halmashauri, wote wanaweza kuwa na kadi ya chama chochote kilichosajiliwa na kupiga kura. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zinakukataza mambo mengine: kufanya siasa saa za kazi au mahali pa kazi, kufanya siasa inayotilia shaka utii wako kwa Serikali, kutoa huduma kwa upendeleo wa chama, na kukipa chama taarifa au nyaraka ulizozipata kwa cheo chako. Zisome tena hizo nne ukiwa na ile picha mkononi.

Vijana wengi wanadhani masharti haya yalitungwa ili kuwabana wao na simu zao. Ni ya zamani kuliko simu. Hadi vyama vingi viliporudi mwaka 1992, chama kilikuwa na matawi yake ndani ya sehemu za kazi. Mkuu wako wa idara angeweza kuwa pia kiongozi wako wa tawi, na hukujua leo anakuita kwa kofia ipi. Matawi yale yaliondolewa ili mwananchi akifika dirishani asiulizwe rangi ya kadi yake. Kesi ya kwanza ya namna hii niliyoishika mimi ilikuwa ya mhudumu wa ofisi aliyetundika kalenda ya chama ukutani, juu ya meza ya mapokezi. Tulibishana wiki nzima kama kalenda ni siasa. Stetasi ni kalenda ile ile, ila ukuta wake watu wanatembea nao mfukoni.

Linalonipa wasiwasi kwako ni kundi la wakulima kuliko stetasi zote mbili. Stetasi iliwafikia waliohifadhi namba yako, na hakuna aliyelazimika kuifungua. Kundi lile, kwa mujibu wa barua, ulilifungua wewe kwa ajili ya matangazo ya pembejeo, na watu wamo kwa sababu wanakuhitaji. Mama wa pale hawezi kujitoa hata kama klipu imemchefua, maana akijitoa hatajua mbegu zinafika lini. Kundi hilo ni la ofisi hata kama limesajiliwa kwa laini yako. Kurushia humo klipu ya kampeni ni sawa na kuwaita wakulima kwenye mafunzo ya kupanda mahindi, wakishakaa ukampandisha mgombea jukwaani. Na utetezi wa "ilifutika yenyewe" hauna kazi kwa klipu ya kundini, kwa sababu ile haikufutika. Hata stetasi hufutika WhatsApp tu. Kwenye skrinshoti ya jirani inabaki.

Kuna jambo ambalo barua haikuligusa na ninaomba lisiguswe kamwe, kwa hiyo nawe usilichokoze. Maneno "mbolea wameificha" si maoni. Ni madai ya jambo kwamba limetokea. Ukisema "ugawaji wa mbolea unasuasua na mimi siridhiki", umetoa maoni. Ukisema fulani kaificha, unatakiwa uthibitishe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inahusu anayesambaza taarifa za uongo au za kupotosha kwa njia ya kompyuta, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Huko ni mahakamani, si kwa afisa utumishi. Wewe mwenyewe ukinieleza vizuri utagundua kwamba ulichokiona ni gari lililochelewa na foleni iliyopata hasira. Msimu wa kupandia ukikaribia huku kwetu kila mtu anaitafuta mbolea ya DAP kwa wakati mmoja, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Hivyo katika maelezo yako sentensi ile usiirudie na wala usiitetee. Nyuso za wale akina mama nazo zimeonekana bila wao kuulizwa, na tangu mwaka 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Sioni dalili kwamba yupo atakayelishika hilo, lakini picha za wananchi wanaohudumiwa achana nazo.

Utafukuzwa? Kwa haya niliyoyasoma, na kama ni mara yako ya kwanza, sitarajii. Adhabu zina ngazi: onyo, karipio, kusimamishiwa nyongeza ya mshahara, kupunguziwa mshahara, kushushwa cheo, kufukuzwa. Barua uliyonayo si hati ya mashtaka. Ni mlango tu, na wengi huishia hapo hapo mlangoni, wakijieleza vizuri, kwa onyo la maandishi. Lakini sitaki nikudanganye. Wewe ni mtumishi wa halmashauri, na shauri zito la mtumishi wa halmashauri linaweza kufika mbele ya Baraza la Madiwani. Madiwani ni wanasiasa, wamechaguliwa kwa tiketi za vyama, na wewe stetasi yako ilisema "tunawatoa". Ni nani hao uliotaka kuwatoa? Ndio hao hao watakaokuwa wamekaa mbele yako. Huo ndio utaratibu, na ndiyo sababu nataka jambo hili liishe kwa maelezo yako ya kwanza.

Halafu zipo adhabu ambazo hazimo kwenye kanuni yoyote, nazo ndizo nilizoziona zikiwaumiza watu zaidi. Onyo linakaa kwenye faili lako. Miaka 2 baadaye majina ya kupanda daraja yanajadiliwa, mtu anafungua faili, anaguna, anaendelea na jina linalofuata. Unaomba ruhusa ya masomo, unaambiwa bajeti haikutosha. Unahamishiwa kata ambayo mvua ikinyesha pikipiki haipiti. Hakuna karatasi hata moja itakayosema ni kwa sababu ya klipu. Hata zile kazi za muda za uchaguzi utazikosa, kwa sababu wanaosimamia uchaguzi hula kiapo cha kutunza siri na kutoa tamko la kujitoa kwenye chama au kwamba si wanachama, na anayekujua kwa stetasi zako atakuwekea pingamizi kabla hujanyoosha mkono.

Hilo la mwenzako wa kijani linaniumiza na mimi. Kanuni haikuandika rangi. Anayeposti sare za chama tawala akiwa kwenye kiti cha ofisi amevunja masharti yale yale uliyoyavunja wewe, na kuongoza nchi hakukifanyi chama kuwa Serikali. Lakini katika miaka yangu yote barua za kujieleza nilizoziona zikienda kwa watu wa aina yake zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, vidole vikabaki. Watu wanachanganya utii kwa Serikali iliyoko madarakani na mapenzi kwa chama kilichoiunda, na aliyechanganya hivyo mara nyingi ndiye anayesaini barua. Nasema hivi bila kuficha kwa sababu nimestaafu.

Pamoja na hayo, usimtaje mwenzako kwenye maelezo yako. "Mbona fulani" haijawahi kumsafisha mtu. Inamwambia msomaji kwamba umekubali kosa na unatafuta wa kuzama naye, na kesho mnakutana ofisini. Hoja hiyo ina mahali pake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza kumbagua mfanyakazi kwa msimamo wake wa kisiasa, kwa hiyo ikitokea umeadhibiwa vikali kwa jambo ambalo wengine wanalifanya kila siku bila kuguswa, hoja ya kubaguliwa itakusaidia kwenye rufaa, ukiwa na ushahidi na si manung'uniko. Iweke akiba.

Kuhusu jina bandia, nikupe kisa cha mbali. Australia kulikuwa na mtumishi wa idara ya uhamiaji, Michaela Banerji, aliyekuwa akiikosoa Serikali na idara yake kwenye Twitter bila kutumia jina lake. Aliandika zaidi ya mara 9,000, karibu zote nje ya saa za kazi, kwa simu yake mwenyewe. Wenzake walimgundua. Alifukuzwa mwaka 2013, akapambana miaka, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya nchi ile, ambayo ndiyo ya mwisho kwao, ikaamua dhidi yake. Mahakama haikuona kwamba kuficha jina kunamtoa mtumishi kwenye maadili ya utumishi, kwa sababu jina la kuficha siku yoyote linaweza kufichuka. Sheria yao si yetu na hukumu yao haimfungi mtu hapa. Lakini tazama jinsi alivyokamatwa: si kwa mitambo, ni kwa watu waliomfahamu. Sasa wewe kule kwenye kata, ukifungua akaunti ya "Mzalendo Halisi" ukaandika gari la mbolea lilivyokwama Jumatano kwenye tope la mtaa fulani, ni wangapi walikuwepo? Na laini zetu zote tangu mwaka 2020 zimesajiliwa kwa alama za vidole. Kifuniko unachokiona wewe, wenzako wanaona miguu inatokeza.

Barua sasa. Umeipokea Jumanne, kwa hiyo una mpaka Jumanne ijayo, ipeleke Jumatatu. Iandike kwa kurejea kumbukumbu namba ya barua yao, ipitie kwa mkuu wako wa kazi kama wao walivyoipitisha, na isizidi kurasa 2. Anza na ukweli: picha niliiweka mimi, klipu niliisambaza mimi. Halafu sema ulichokiona siku ile, kwa lugha ya kazi: foleni, mzigo uliochelewa, wakulima wamelalamika kwako. Kubali waziwazi kwamba kundi la wakulima halikuwa mahali pa klipu ile na kwamba umeitoa. Kama hujaitoa na bado inafutika kwa wote, itoe leo, lakini hifadhi nakala yako kwanza, isije ikaonekana unaficha ushahidi. Omba radhi kwa hilo la kundi. Usiombe radhi kwa kuwa na chama. Hilo ni haki yako, na ukiliombea radhi umewakabidhi kosa ambalo halipo. Sentensi moja inatosha: "Natambua haki yangu ya kuwa na maoni ya kisiasa na natambua mipaka yake niwapo kazini."

Kuna sehemu barua yao imepwaya. Inasema umekwenda "kinyume na maadili ya utumishi" bila kutaja ni kifungu gani wala ni tendo lipi kati ya yale matatu. Waombe kwa heshima wakitaje. Haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, ambayo haina maana kama hujui unashtakiwa kwa lipi, imo kwenye Ibara ya 13 ya Katiba, na mashauri mengi ya nidhamu huanguka kwenye rufaa kwa sababu hiyo zaidi ya kwa sababu mtumishi hakukosea. Niliwahi kuona karani akirudishwa kazini baada ya miezi mingi, na posti aliyoshtakiwa nayo alikuwa ameiandika kweli. Kamati ilimhoji dakika 5, haikumwonyesha skrinshoti, na muhtasari ukaandikwa kana kwamba alikuwa amekiri.

Mwone pia katibu wa tawi la TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, kabla ya Jumatatu kama unakatwa ada ya chama hicho. Wengi mnakatwa na hamjui mlango wake uko wapi. Jambo likikua likafika kwenye hati ya mashtaka na adhabu, rufaa yako inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45, na baada yake kwa Rais. Usikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama rafiki zako wa kampuni binafsi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza ngazi za sheria ya utumishi wa umma, na nimeona watu wakipoteza siku zao 45 wakiwa wamekaa kwenye benchi la ofisi isiyo yao.

Kundi la wakulima usilivunje. Mkabidhi mtendaji wa kata au mwenzako mwingine uongozi wa kundi pamoja nawe, ili kuwe na macho mawili, na andika humo tangazo la kawaida la kazi: mbolea ikifika lini, kwa wakala yupi, waje na namba zao za usajili. Nakala ya barua yako ipigwe muhuri wa mapokezi masijala, wenye tarehe, na uondoke nayo. Ukishaipata nitumie picha yake. Jumatatu nitakuwa Mwanjelwa mpaka saa 10, nikirudi nyumbani nitaisoma.